Kiilacho Injini Ki Majini Mwake

Usiku mmoja wa Jumamosi, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nimeketi barazani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, nikipunga upepo na kunywa kahawa chungu, alipokuja mpwa wangu na chupa mbili mkononi. Moja ilikuwa na maji mekundu, ya pili maji ya kijani. Kijana huyu na wenzake wawili wamenunua Subaru kuukuu, na azma yao ni kuitengeneza waingie nayo mashindano ya magari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea sharubati?"

"Si sharubati, mjomba. Ni kulanti, dawa ya kutia kwenye rejeta. Mwenye duka asema nyekundu ni ya magari ya mbio na kijani ni ya magari ya kawaida. Nitie ipi?"

Nilimwambia aziweke juu, mbali na watoto, kisha nikamwita muuza kahawa ammiminie kikombe, kwani jibu la swali lile si la maneno mawili. Mimi nililijua kwa gharama. Na kwa kuwa siku hizi kila nyumba ya pili ina gari, na kila gari lina maji ndani yake, nimeona si vibaya nikisimulie nawe pia, ndugu msomaji.

GARI LA JIRANI

Mwaka 1982 nilikuwa kijana wa miaka 18, nikijifunza ufundi katika gereji ya ami yangu pale Majengo. Siku hizo homa ya mashindano ilikuwa imewashika vijana wa pwani kama ilivyowashika wenzao wa bara. Shekhar Mehta alikuwa ameshinda mbio za Safari mwaka 1979, 1980 na 1981 akiendesha Datsun, na mwaka huo wa 1982 akashinda tena, mara ya nne mfululizo, na ya tano ukihesabu ule ushindi wake wa mwaka 1973. Kila aliyekuwa na Datsun mjini alijiona ni ndugu yake Mehta.

Jirani yetu mmoja, muuza vitambaa, alikuwa na Datsun 160J. Akaileta kwa ami mwezi wa Februari itayarishwe kwa mashindano madogo ya wenyeji upande wa Kwale, ambayo yalikuwa yafanywe mwezi wa Agosti. Ami aliifungua injini yote, akaisafisha na kuifunga upya. Injini ile, kama zilivyokuwa nyingi za wakati ule, ilikuwa na bloki ya chuma cha kusubu, na juu yake hedi ya aluminiamu. Rejeta ilikuwa ya shaba, iliyounganishwa kwa risasi. Yashike hayo moyoni, ndugu msomaji: chuma, aluminiamu, shaba na risasi, madini manne yakioga katika maji mamoja.

Ami alikuwa na sharti lake juu ya maji. Nyuma ya gereji palikuwa na pipa lililokinga maji ya mvua kutoka paani, na hayo ndiyo pekee aliyoyaruhusu kuingia katika gari la mashindano. Ndani yake alichanganya kiasi kidogo cha yale mafuta ya wachonga vyuma, ambayo yakiingia majini hugeuka meupe kama tui la nazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya kutu ya mafundi wengi wa zama zile.

Akanituma niijaze rejeta. Nikaenda kwenye pipa, nikalikuta kavu. Ilikuwa kaskazi, na mvua haikunyesha tangu siku nyingi. Mfereji nao ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikafikiri juu ya birika la msikiti, lililokuwa na maji ya mvua yaliyotulia, lakini ami alikwisha kunionya kwamba maji yale ni wakfu wa wenye kusali, wala si ya kuoshea wala kujazia magari ya watu. Basi nikachukua ndoo, nikaenda nyumbani kwetu, nikateka maji ya kisima.

Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvichumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya kisiwani. Lakini tulifulia hayo, tukaoga hayo, na alfajiri tukashikia udhu hayo hayo. Nikajisemea: maji yanayomfaa mtu kusimama mbele ya Mola wake yatakosaje kuifaa Datsun? Nikatia. Ami aliporudi akaniuliza, "Umejaza?" Nikajibu, "Nimejaza, ami." Hakuniuliza ya wapi, nami sikusema.

Kuanzia siku ile mpaka Agosti, kila Jumapili jirani alipotoka kujizoeza, maji yalipungua kidogo na mimi nikayaongeza kutoka kisima kile kile. Uongo ukishaanza huwa kama mwiba: kila ukikanyaga, huzidi kuingia.

MLIMA WA KWALE

Siku ya mashindano ilipofika, gari lilikwenda vizuri katika njia za tambarare. Lilipoanza kupanda mlima kutoka Kombani kwenda Kwale, mshale wa joto ukaanza kupanda nalo. Jirani alidhani ni jua tu. Kabla hawajafika juu, injini ikapoteza nguvu, na moshi mweupe ukatoka nyuma kama wa ubani. Wakasimama kando. Mwelekezi wake, yule akaaye ubavuni akisoma njia, akaruka chini, akafungua boneti, akashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa na kukizungusha. Maji yakaruka. Mkono wake wa kulia ukaungua kutoka kifundoni hadi kiwikoni.

Gari lilivutwa hadi Majengo. Ami alipoiinua hedi, aliita taa. Matundu ya kupitia maji kwenye aluminiamu yalikuwa yameliwa kingo zake, kana kwamba panya ameguguna mkate. Palipoliwa, gasketi haikuwa na pa kushikilia, na moto wa silinda ukapata njia ya kuingia kwenye maji. Nyuma ya bloki kulikuwa na tope jekundu la kutu. Juu ya kuta za ndani palishika gamba jeupe, kama lile lishikalo ndani ya birika la chai. Ami alichovya kidole katika maji yaliyobaki, akakigusisha ulimini. Akanitazama.

"Mwanangu, maji haya ni ya wapi?"

Nikamwambia yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo sijayasahau: "Hata maji ya bahari ni tohara. Baharia hushika udhu kwayo, na sala yake ni sahihi. Lakini tazama boti zinazopozwa kwa maji ya bahari: hufungwa vipande vya zinki ili viliwe badala ya chuma, na vikiisha hubadilishwa. Datsun hii ina zinki gani? Udhu wauliza najisi. Chuma chauliza chumvi."

Kisha akaniongoza hadi kwa jirani, nikakiri mbele yake, na kutoka hapo hadi kwa mwelekezi aliyelala na mkono uliofungwa. Hedi nyingine ilinunuliwa, na fedha zake zikakatwa katika mshahara wangu kwa miezi 11. Jirani alinisamehe. Mwelekezi pia alinisamehe, lakini alama ya mkono wake niliiona kila Ijumaa tulipopeana salamu msikitini.

NAMNA CHUMA KILIWAVYO

Baadaye nilijifunza kwa nini ilikuwa vile, na hapa naomba ustahimili kidogo, ndugu msomaji.

Ukitia madini mawili ya namna mbalimbali katika maji ya chumvi na kuyaunganisha, umetengeneza betri. Umeme mdogo hupita kati yao, na lile lililo dhaifu huliwa ili lenzake lisalimike. Katika injini ya chuma na aluminiamu, mara nyingi liliwalo ni aluminiamu. Aluminiamu ina kinga yake ya maumbile, utando mwembamba unaojifanya wenyewe juu yake, lakini chumvi huutoboa utando huo na kuchimba vishimo. Maji yakiwa na asidi, utando huyeyuka. Na yakizidi ukali wa upande wa pili, kama wa magadi, huyeyuka vilevile.

Maji ya kisima yana ubaya wa pili. Visima vyetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa. Yakipata moto, chokaa huganda ukutani kama gamba, na gamba hilo huzuia joto kutoka. Mshale waweza kuonyesha maji si ya moto sana, ilhali chuma kilicho nyuma ya gamba chaungua.

Na ubaya wa tatu ndio ulionishinda mimi. Maji yapungukapo kwa mvuke, chumvi haitoki nayo, hubaki. Ukiongeza maji mengine ya chumvi, unaongeza chumvi juu ya chumvi. Wenyeji wa Gongoni na Ngomeni, kwenye mashamba ya chumvi, wanaijua kazi hiyo vyema: jua huchukua maji, chumvi hubaki. Mimi kwa miezi sita niliigeuza rejeta ya jirani kuwa shamba la chumvi.

Ama kuhusu mkono wa mwelekezi, elewa hivi. Maji huchemka kwa digrii 100 hapa kwetu pwani. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa kama digrii 94. Lakini kifuniko cha rejeta huyabana maji kwa shindikizo, na kikibana kwa kiasi cha baa 1, maji ya pwani hayachemki mpaka yafike karibu digrii 120. Ukikifungua kifuniko injini ingali moto, umeondoa shindikizo ghafla, na sehemu ya maji yaliyopita digrii 100 hugeuka mvuke kwa mara moja. Basi usifungue. Ngoja mpaka uweze kuishika rejeta kwa kiganja bila kushtuka.

MAJI GANI, NA DAWA GANI

Mpwa wangu alikuwa amekwisha maliza kahawa yake. Akasema, "Mjomba, nimesikia ya maji. Sasa ya rangi?"

Nikamwambia: rangi ni rangi tu. Mwenye kiwanda huweka nyekundu, kijani, buluu au waridi apendavyo, na hakuna sheria moja inayowafunga wote. Kitu cha kusoma ni maandishi ya chupa, na kitabu cha mtengenezaji wa gari.

Kulanti nyingi zina vitu vitatu: maji, glaikoli na dawa za kuzuia kutu. Glaikoli ilitiwa kwanza kwa ajili ya nchi za baridi, ili maji yasigande. Sisi Mombasa hatuna barafu ila ya wauza samaki. Faida yake kwetu ni kwamba huongeza kiwango cha kuchemka: nusu maji na nusu glaikoli huchemka kwa kama digrii 107 bila kifuniko. Lakini ina hasara. Hakuna kinywaji cha injini kibebacho joto vizuri kuliko maji yenyewe. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hubeba joto pungufu kwa karibu asilimia 15 kwa kila kilo. Ndiyo maana wengi wa wenye magari ya mashindano hupenda maji mengi na glaikoli kidogo, au bila glaikoli kabisa. Isitoshe, glaikoli ikimwagika njiani huteleza kama mafuta, na viwanja vingi vya mashindano vimeipiga marufuku. Msomaji mwenye kushindana aulize sheria za mashindano yake kabla ya kununua chupa.

Lakini ole wake atakayetia maji matupu, hata yawe safi namna gani. Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa, kama wakenekavyo mawaridi kupata marashi, hayana chumvi wala chokaa. Ndiyo bora kuliko yote. Hata hivyo yana hewa ndani yake, na hewa na maji zikikutana na chuma, kutu huzaliwa. Dawa ya kuzuia kutu ndiyo mlinzi. Iwe imo ndani ya kulanti au imenunuliwa peke yake kwa wale wasiotaka glaikoli, lazima iwepo, na kwa kipimo kilichoandikwa. Ikiwa kidogo haitoshi, na ikizidi si sifa.

Dawa hizo ni za makabila mbalimbali. Za zamani zilitegemea silika, fosfeti, boraksi na nitraiti. Hufanya kazi upesi lakini huchoka, na kwa kawaida hubadilishwa kila miaka miwili. Katika miaka ya 1990 zikaenea zile za asidi za kaboni, ambazo huishi kama miaka mitano. Watengenezaji wa Japani kwa kawaida hupendelea zenye fosfeti zisizo na silika. Wengi wa Ulaya hupendelea kinyume chake, kwa kuwa fosfeti ikikutana na maji ya chokaa hugandisha uchafu. Usichanganye kabila moja na jingine. Huenda zikadhoofishana, na nyingine hugeuka ute mzito ukaziba vijia vya rejeta. Ukitaka kubadilisha, mwaga yote, suuza mpaka yatoke maangavu, ndipo utie mpya.

"Subaru yenu," nikamwambia, "bloki na hedi zote ni aluminiamu. Hamna chuma cha kulaumu. Fuateni kitabu cha gari, mtafute ya kabila lililotajwa humo, na mchanganye na maji yaliyokenekwa."

Hapo naomba nionye. Dukani watu huyaita maji hayo maji ya betri, na jina hilo hilo wengine hulitumia kwa asidi ya betri. Soma chupa, uliza mara mbili. Asidi ikiingia kwenye injini ya aluminiamu, hutakuwa na haja ya kungoja miezi sita kama mimi.

Yako na mengine madogo yenye uzito. Mpira uliolegea karibu na pampu hunyonya hewa hata kama hauvuji, na hewa ile ni chakula cha kutu. Kaza klipu zote. Ukijaza, inua pua ya gari mlimani ili mapovu yatoke. Gari likikaa baina ya mashindano, usilimwage maji ukaliacha na unyevu ndani, kwani kuta zenye unyevu na hewa hushika kutu upesi. Liache limejaa maji yenye dawa, na uliwashe mara kwa mara. Na mwenye kipima volti aweza kuweka ncha moja kwenye ncha hasi ya betri na nyingine ndani ya maji ya rejeta injini ikiwa baridi. Mafundi wengi wakiona imepita volti 0.3 hujua kwamba dawa imechoka, au kuna waya wa umeme usiofungwa vyema.

SHARUBATI YA SUMU

Mjukuu wangu wa miaka minne alikuwa amesimama mlangoni muda wote, macho yake kwenye ile chupa nyekundu. Glaikoli inayotumiwa katika kulanti nyingi ina ladha tamu. Mtoto akiionja ataomba tena, na paka akiikuta imemwagika ataramba. Ikishaingia mwilini hugeuka asidi zinazoharibu figo, na kiasi kidogo tu chaweza kumuua mtoto. Kwa hiyo usiitie kamwe kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, usiiache chini, na ukiimwaga kwenye gari usiimwage uani wala karibu na kisima. Mtu akiinywa, mkimbize hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, na uichukue chupa yake daktari aione.

Mpwa wangu aliziinua chupa zote mbili, akazifunga katika mfuko wake.

DAFTARI

Kabla hajaondoka niliingia ndani, nikamtolea daftari moja la kale lenye jalada la kitambaa. Ami alilianzisha wiki ile ya mwezi wa Agosti mwaka 1982. Kila gari lililoingia gereji lilikuwa na ukurasa wake, na kila maji yaliyotiwa yaliandikwa: tarehe, yametoka wapi, dawa gani, kipimo gani, na jina la aliyetia. Hakutaka kuniuliza tena, "Umejaza?" Alitaka niandike kwa mkono wangu. Nimeitunza desturi hiyo miaka yote, na tangu hapo sikuua injini nyingine kwa maji.

"Tafuta la kwako," nikamwambia, "na ukurasa wa kwanza uandike hata lile ulilokosea."

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Injini ya mashindano huogopwa kwa moto wake na mwendo wake, lakini mara nyingi huliwa polepole na maji yaliyomo ndani yake, na na ulimi wa aliyeyatia kisha asiseme. Juzi mpwa wangu alinionyesha daftari lake. Mstari wa kwanza aliandika kwamba alikuwa tayari ameitia Subaru lita mbili za maji ya kisima kabla ya kuja barazani kuniuliza, na kwamba kesho yake aliyamwaga yote na kusuuza mara tatu.

Sikumgombeza. Nilimwagizia kahawa nyingine.